Mjane wa miaka 27 aliyekataa kufunga biashara

UKISIKIA neno shampeni, huenda akili inakimbilia harusi za wenye nazo, video za muziki au madereva wa Formula One wakimwagiana povu jukwaani. Lakini je, unajua kwamba Champagne ni mahali? Ni eneo la mashambani kaskazini mashariki mwa Ufaransa, lenye vilima vya chini, vijiji vya mawe na mizabibu iliyopangwa kama nywele zilizosukwa mistari.

Na ile chupa yenye lebo ya manjano inayowekwa rafu ya juu kabisa dukani, ile ambayo wengi wetu hutazama bei kisha tukapita, ina jina la mwanamke. Veuve Clicquot. Neno veuve ni Kifaransa, maana yake mjane. Yaani kwa zaidi ya miaka 200 watu wamekuwa wakisherehekea kwa kinywaji chenye jina la mama aliyefiwa na mumewe.

Huyo mjane alikuwa nani? Twende naye kituo baada ya kituo katika eneo lake, na njiani tuonje vyakula vya huko. Kama hujafika miaka 18, au hunywi pombe kabisa, usiondoke. Hadithi hii inahusu biashara, sheria na uthubutu, na utapata cha kubeba.

Kituo cha kwanza: Reims

Ukitoka Paris kwa treni ya kasi, dakika kama 45 hivi zinatosha kukufikisha Reims. Huu ndio mji ambao wafalme wa Ufaransa walikuwa wakitawazwa, ndani ya kanisa kuu la Notre-Dame ambalo bado limesimama katikati ya mji licha ya kupigwa mabomu katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Hapa ndipo Barbe-Nicole Ponsardin alipozaliwa Desemba 16, 1777. Babake, Nicolas Ponsardin, alikuwa tajiri wa viwanda vya vitambaa, kwani Reims ya wakati huo ilijulikana kwa sufu kuliko mvinyo. Kwa hivyo usije ukadhani huyu ni msichana aliyetoka kwa umaskini hadi utajiri. La. Alizaliwa kwenye nyumba kubwa yenye watumishi.

Lakini alipokuwa na umri wa miaka 11, nchi ilipinduka. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yaliwafanya matajiri, makasisi na watawa kuwa watu wa kuwindwa. Inasimuliwa kwamba Barbe-Nicole alitolewa shuleni kwa watawa akiwa amevishwa nguo za msichana wa kimaskini, ili umati wa barabarani usimtambue. Babake naye alisoma alama za nyakati. Mzee huyo aliyekuwa akiota cheo cha ukabaila alihamia upande wa wanamapinduzi, na hivyo akaokoa mali na shingo yake. Miaka mingi baadaye, upepo ulipogeuka tena, akawa meya wa Reims chini ya Napoleon na kupewa cheo cha baroni. Binti alikua akimtazama babake akifanya hayo yote. Alijifunza mapema kwamba nyakati mbaya hazina huruma kwa aliyelala.

Kabla hatujaondoka mjini, pitia soko la Boulingrin, lile lenye paa la zege lililopinda. Tafuta biskuti za Reims. Zina rangi ya waridi na zimeokwa mara mbili ndiyo maana ni kavu na ngumu. Wenyeji huzichovya kwenye kinywaji kabla ya kula, jinsi wewe unavyochovya mandazi kwenye chai. Na ukizila hivyo hivyo bila kuchovya, jihadhari na meno.

Kituo cha pili: Bouzy, kwenye mizabibu

Mwaka wa 1798, akiwa na miaka 20, Barbe-Nicole aliolewa na François Clicquot, mwana wa mfanyabiashara mwingine wa vitambaa. Ilikuwa ndoa ya mipango ya wazazi wawili wenye pesa. Inasemekana sherehe yenyewe ilifanyika chini ya ardhi, katika ghala la mvinyo, kwa sababu ibada za Kikatoliki zilikuwa bado hazijarejea hadharani.

Familia ya Clicquot ilianza kampuni yake mnamo 1772. Vitambaa ndivyo vilivyokuwa uti wa mgongo wa biashara hiyo, na mvinyo ulikuwa kitu cha kando tu. François aliona mambo tofauti. Alitaka mvinyo uwe kazi yenyewe. Akawa anasafiri kutafuta wateja katika mataifa mengine ya Ulaya, na akirudi anamchukua mkewe wanazunguka pamoja mashambani.

Mojawapo ya vijiji ambako familia hiyo ilikuwa na mizabibu ni Bouzy, kusini mwa Reims, kwenye vilima viitwavyo Montagne de Reims. Ukifika huko utaelewa kwa nini zabibu za Champagne ni tofauti. Udongo una chokaa nyeupe chini yake. Chokaa hiyo hunyonya maji wakati wa mvua na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi. Baridi ya huko nayo huzifanya zabibu zibaki na uchachu unaohitajika. Aina tatu ndizo hutumika sana: Pinot Noir, Meunier na Chardonnay. Mbili za kwanza ni nyeusi, lakini maji yake hukamuliwa haraka yasikae na maganda, ndiyo maana kinywaji hutoka cheupe.

Wavunaji wa zabibu huku wana chakula chao, potée champenoise. Ni sufuria moja kubwa ya kabichi, karoti, viazi, maharagwe na nyama ya nguruwe, vyote vikichemshwa kwa saa nyingi. Ni chakula cha kumpa nguvu mtu aliyeinama shambani kutwa nzima. Eneo hili pia lina kamande ndogo za rangi ya waridi, wanazoziita lentillon. Ukiwa umelelewa kwa kamande na wali, utajisikia nyumbani.

Sasa rudi kwa wanandoa wetu. Walipata mtoto mmoja, Clémentine, mwaka wa 1799. Biashara ilikuwa bado haijasimama vizuri. Kisha Oktoba 1805, François akashikwa na homa. Baada ya siku chache tu akafa.

Barbe-Nicole alikuwa na miaka 27 na mtoto wa miaka sita.

Mlango mmoja uliobaki wazi

Hapa tusimame kidogo, maana bila kuielewa sheria ya wakati huo huwezi kuuona uzito wa uamuzi wake.

Mwaka mmoja tu kabla ya msiba huo, mnamo 1804, Napoleon alikuwa ameipa Ufaransa sheria mpya ya kiraia. Kwa mwanamke aliyeolewa, sheria hiyo ilikuwa kama kufuli. Hangeweza kutia saini mikataba au kuendesha mali bila ruhusa ya mumewe. Binti ambaye hajaolewa naye alikuwa chini ya kivuli cha babake. Lakini mjane? Mjane alikuwa na nafasi ya pekee. Angeweza kumiliki mali, kutia saini na kufanya biashara kwa jina lake mwenyewe.

Unaona sasa? Kifo kilichomvunja moyo ndicho kilichomfanya awe mtu kamili machoni pa sheria. Na siku ambayo angeolewa tena, haki hiyo ingepotea.

Baba mkwe, Philippe Clicquot, alikuwa mzee na mwenye huzuni. Alitaka kuifunga biashara. Barbe-Nicole alimwendea na ombi lililoonekana la ajabu kwa mwanamke wa tabaka lake: amwachie kampuni, na aweke mtaji wake hapo. Mzee alikubali, lakini kwa masharti. Mkaza mwana huyu angefanya kazi kwanza pamoja na Alexandre Fourneaux, mtengenezaji mvinyo mwenye uzoefu, ili ajifunze ufundi wenyewe.

Huo ulikuwa ushirika wa miaka minne, na matokeo yake hayakuwa ya kupendeza. Ulaya ilikuwa vitani. Bandari zilifungwa, mizigo ikakwama hadi mvinyo ukaharibika, na wateja wakapotea. Mwaka wa 1810 Fourneaux aliondoka. Mtu mwingine angesema nimejaribu, inatosha. Yeye aliandika jina jipya la kampuni, akaunganisha ujane wake na jina la babake: Veuve Clicquot-Ponsardin. Hakuficha kwamba ni mwanamke, wala hakuficha kwamba amefiwa. Aliufanya ujane kuwa chapa.

Kamari ya mwaka wa 1814

Mwaka wa 1811 nyota kubwa yenye mkia ilionekana angani kwa miezi mingi. Mwaka huo huo mavuno ya zabibu yalikuwa mazuri ajabu, na wakulima wakaunganisha mambo hayo mawili. Madam Clicquot alikuwa na mvinyo bora kuliko wakati wowote, lakini hakuwa na pa kuuuza. Soko alilolitaka zaidi ni Urusi, ambako watu wa tabaka la juu walipenda shampeni tamu yenye sukari nyingi. Tatizo ni kwamba Urusi na Ufaransa zilikuwa maadui, na mfalme wa Urusi alikuwa amepiga marufuku mvinyo wa Ufaransa uliotiwa kwenye chupa.

Mapema 1814 vita vilifika mlangoni kwake. Wanajeshi wa Urusi waliingia Reims. Aliogopa ghala lake lingeporwa lote. Ni kweli wanajeshi walikunywa, lakini inasimuliwa kwamba yeye aliona jambo ambalo wengine hawakuliona: wanajeshi hawa watarudi kwao siku moja, na watakumbuka walichoonja.

Napoleon aliposalimu amri Aprili mwaka huo, kila mfanyabiashara wa Champagne alijua soko la Urusi litafunguliwa. Wengi waliketi kusubiri tangazo rasmi. Madam Clicquot hakusubiri. Akishirikiana na wakala wake Louis Bohne, alikodi kimyakimya meli ya Kiholanzi na kupakia zaidi ya chupa 10,000. Bohne mwenyewe alisafiri na mzigo huo kupitia Bahari ya Baltiki hadi Königsberg, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad.

Fikiria hatari yake. Marufuku ilikuwa bado haijaondolewa mzigo ulipotoka. Chupa zingeweza kutaifishwa, kupasuka kwa joto au kuzama. Kampuni ilikuwa taabani kifedha, na kama mzigo huo ungepotea, hakuna baba mkwe ambaye angemwokoa mara ya pili.

Mzigo ulifika salama, na marufuku ikaondolewa. Washindani wake walipokuwa bado wanapakia, chupa za mjane zilikuwa tayari zinagombaniwa na wanunuzi, kwa bei za juu sana. Akatuma shehena ya pili mara moja. Katika muda wa miezi michache, jina lililokuwa karibu kufutika likawa gumzo la St. Petersburg. Miaka baadaye hata mshairi Alexander Pushkin, yule Mrusi ambaye babu wa mamake alitoka Afrika, alimtaja mjane Clicquot katika kazi yake maarufu Eugene Onegin.

Kituo cha tatu: chini ya ardhi

Umefanikiwa, wateja wanapiga foleni, halafu unagundua huwezi kutengeneza bidhaa kwa kasi wanayotaka. Hiyo ndiyo shida iliyofuata.

Ili uielewe, shuka nami chini ya Reims. Kuna mahandaki na mapango marefu yaliyochimbwa kwenye chokaa, mengine yakiwa yamechimbwa zamani sana kutoa mawe ya ujenzi. Huko ndani joto ni kama nyuzi 10 mwaka mzima, kwa hivyo beba sweta. Tangu 2015 vilima, maghala na nyumba za shampeni za eneo hili zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Shampeni huchacha mara mbili. Mara ya pili ni ndani ya chupa iliyofungwa, baada ya kuongezwa sukari na hamira. Hewa inayotoka hukosa njia, ikabaki kwenye mvinyo, na hivyo ndivyo viputo vinavyopatikana. Presha yake ni kubwa kuliko ya tairi la gari. Zamani chupa zililipuka ovyo ovyo, hadi wafanyakazi wakawa wanavaa vinyago vya chuma.

Sasa hamira ikifa, huacha mashapo yanayofanya kinywaji kiwe na ukungu. Kuyaondoa ilikuwa balaa. Walimimina kutoka chupa moja hadi nyingine, na viputo vingi vikapotea. Kazi ilichukua muda na mvinyo mwingi uliharibika.

Karibu mwaka wa 1816, Madam Clicquot na msimamizi wake wa ghala, Antoine de Müller, walipata suluhisho. Inasimuliwa kwamba alichukua meza yake ya jikoni na kuagiza itobolewe mashimo. Chupa ziliingizwa humo shingo chini, na kila siku mfanyakazi alizizungusha na kuzitikisa kidogo. Baada ya wiki kadhaa mashapo yote yakawa yamekusanyika kwenye kizibo. Kilichobaki ni kufungua, kuacha uchafu uruke nje, kujaziliza na kufunga tena. Kinywaji kikawa angavu na viputo vyake vyote vimo.

Kwa miaka kadhaa washindani hawakujua siri hiyo. Ilipovuja, kila mtu aliiga. Leo mashine hufanya kazi hiyo katika kampuni nyingi, lakini wazo ni lile lile la meza yenye mashimo. Mnamo 1818 akaanza pia kuchanganya mvinyo mwekundu wa Bouzy na ule mweupe, akapata shampeni ya rangi ya waridi.

Ukipanda juu tena utakuwa na njaa. Jaribu jibini iitwayo Langres. Juu yake ina shimo dogo, na wenyeji wengine humimina shampeni humo. Kama wewe ni mtu wa mutura, basi agiza andouillette ya mji wa Troyes, soseji ya matumbo ya nguruwe yenye harufu kali. Watalii wengi huikimbia. Mtu aliyezoea kusimama kando ya jiko la mutura jioni hatatishika.

Kituo cha nne: Boursault

Ukifuata bonde la mto Marne magharibi mwa mji wa Épernay, utaona kasri lenye minara likichungulia kutoka kilimani. Hilo ni Boursault, alilolijenga Madam Clicquot katika uzee wake. Kuna picha yake iliyochorwa na Léon Cogniet ambapo ameketi na kofia yake ya kizee, kitukuu wake Anne yupo miguuni pake, na kasri linaonekana nyuma.

Hapa hadithi inakuwa na uchungu kidogo, na si haki kuificha. Mwanamke huyu aliyevunja mlango hakuwaachia wanawake wengine wapite. Bintiye Clémentine hakuandaliwa kwa biashara. Aliozwa mnamo 1817 kwa Louis de Chevigné, bwana mwenye jina kubwa na mkono mwepesi wa kutumia pesa za mama mkwe. Kampuni yenyewe ilienda kwa Édouard Werlé, mwanamume aliyeingia kama mfanyakazi wa kawaida, akapanda hadi kuwa mshirika mnamo 1831, na kusaidia kuiokoa ilipoyumba kifedha.

Je, alikosea? Wapo watakaosema alichagua uwezo badala ya damu, na kampuni nyingi za familia zimekufa kwa kufanya kinyume. Wapo watakaouliza, bintiye angekuwaje kama angepewa ile miaka minne ya kufunzwa ambayo mamake alipewa? Wewe amua. Kinachojulikana ni kwamba yule kitukuu wa pichani, Anne, alikuja kuwa mmoja wa wanawake wa kwanza Ufaransa kupata leseni ya kuendesha gari, mwaka wa 1898. Cheche haikuzimika kabisa.

Barbe-Nicole hakuolewa tena. Kwa zaidi ya miaka 60 alibaki mjane kisheria, na kwa hivyo alibaki bosi wa maisha yake. Alifariki Boursault mnamo Julai 29, 1866, akiwa na miaka 88. Kufikia wakati huo kampuni ilikuwa ikiuza mamia ya maelfu ya chupa kwa mwaka.

Na mwaka wa 2010, wapiga mbizi walikuta meli iliyozama kwenye Bahari ya Baltiki karibu na visiwa vya Åland. Ndani kulikuwa na chupa 168 za shampeni ya miaka kama 170 iliyopita, nyingine zikiwa na alama ya mjane. Wataalamu waliozionja walikuta bado zinanyweka, na tamu kweli kweli, kwani ilitiwa sukari nyingi. Ile bahari aliyoichezea kamari mnamo 1814 ilikuwa imemtunzia mzigo wake mwingine.

Kwa hivyo wakati mwingine ukiiona ile lebo ya manjano kwenye meza ya watu, isome vizuri. Kisha muulize aliyeinunua kama anajua jina hilo lina maana gani. Asipojua, mwambie wewe.